Mafusho ya Mama Mkubwa

Juzi mdogo wangu Shabani alikuja kutoka Dar es Salaam, akaniletea kijimashine cha umeme, cheupe, kinene kama kitunguu kikubwa. Unakitia maji, unadondoshea mafuta ya mchaichai na mkaratusi, unabonyeza, nacho kinaanza kutoa ukungu mwembamba mdomoni mwake bila moto wala moshi. "Hiki cha kutuliza akili, dada," alinambia, akakiweka juu ya kabati la vyombo kwa heshima, kama kombe alilolishinda. Harufu ikaenea sebule nzima. Nami, kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimekwisha simama na kufungua madirisha yote mawili na mlango wa uani.

Shabani alicheka. "Sasa si umeitoa yote nje?"

Hadithi yenyewe anaijua, lakini anaijua kwa kusimuliwa. Mimi naijua kwa pua. Nikisikia mchaichai na mkaratusi pamoja, hata niwe katikati ya soko la Kibiti na watu wanagombania nyanya, utu uzima wote hunitoka. Nina miaka kama saba, niko chini ya blanketi na mama yangu, na hakuna baya lililokwisha tupata.

Wakati huo tulikaa katika kijiji kimoja cha kando ya barabara kuu, si mbali sana na Mchukwi. Mwaka wa nyuma yake korosho ziliitika, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa amelala chini ya makuti, akajenga nyumba ya matofali ya saruji na bati. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya miti na udongo. Moshi uliingia humo na kutoka popote ulipopataka, na mwezi ukiwa mkubwa uliweza kuhesabu vidole vyako ukiwa kitandani. Baba aliichukia ile hali. Katika nyumba mpya alipiga dari, akatia madirisha ya mbao nzito, kisha akapanda ngazi na kuziba kwa saruji kila upenyo kati ya ukuta na bati, popo wasiingie, mbu wasiingie, vumbi la barabara lisiingie. Wageni wakija aliwazungusha chumba kwa chumba. "Nyumba hii," alikuwa akisema, "hata upepo unabisha hodi."

Kiumbe mmoja tu aliingia bila hodi, naye alikuwa kuku wa mama. Alikuwa mweusi, mwenye kishungi, na alikuwa ameatamia. Kicheche alikwisha mla mwenziwe bandani, kwa hiyo mama aliweka sharti: ama kuku yule aatamie katika tenga chumbani kwake, ama yeye mwenyewe akalale bandani. Baba alisema nyumba ya saruji haifugi kuku. Mama, na mimba yake kubwa, alikaa tu akamtazama. Kuku akahamia chumbani.

Katikati ya masika mama alijifungua hospitalini, mtoto wa kiume, huyu Shabani. Aliporudi nyumbani, dada yake alikuja kumuuguza.

Huyu ndiye Mama Mkubwa Mwanahawa, dada wa mama wa baba mmoja na mama mmoja. Aliolewa Mohoro, akakaa huko. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza kwa sauti ya chini kiasi cha kuwalazimisha watu kumsogelea. Mwenyezi Mungu alimpa mabinti, wa kiume hakumpa. Watu walilisema hilo kila walipomtaja, kama vile ni sehemu ya jina lake. Alishuka barabarani na kapu la majani kichwani: mchaichai, mkaratusi, mvumbasi, majani ya mlimao na ya mpera. Kabla hajaingia ndani, harufu yake ilikuwa imekwisha ingia.

Kwetu mzazi hakuachwa hivi hivi. Mama Mkubwa alikuwa na maneno yake, akiyarudia huku akimkanda mama kwa maji ya moto: "Mzazi kaburi lake li wazi mpaka arobaini. Kazi yetu kulifukia kidogo kidogo." Mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyo, nikazunguka nyuma ya nyumba siku nzima nikilitafuta kaburi.

Kila siku, baada ya kumkanda, alimfukiza. Alichemsha majani katika chungu uani, akakileta kikiwa kimefunikwa, akamkalisha mama juu ya kigoda, chungu mbele ya miguu yake, kisha akawafunika yeye na chungu kwa blanketi zito la bluu. Mimi niliomba kuingia. Niliomba mpaka nikalia. Mama akasema, "Mwache aingie, naye ana mafua."

Sijui nitawaelezaje wasiowahi kuketi humo. Kulikuwa na giza, joto na mgongo wa mama. Mama Mkubwa, kutoka nje, alisema, "Sasa fumbeni macho," kisha mkono wake ukapenya na kufunua chungu. Mvuke ulitupanda usoni. Mkaratusi ulipasua pua, mchaichai ukaja nyuma yake na utamu wake, mvumbasi ukakaa kooni. Mimi bila shaka nilifumbua macho, yakaniwasha nikapiga yowe, na mama akacheka mpaka jasho lake likanidondokea utosini. Tulipotoka tulikuwa wekundu, tumelegea, tunanukia kama shamba baada ya mvua. Mama Mkubwa alitufuta kwa kanga kavu. "Mafusho si ya mwili tu," alinambia. "Mtu akinusa kizuri, hukumbuka kwamba yu hai."

Nilimpenda kama nilivyompenda mama. Pengine zaidi kidogo, maana yeye hakunituma dukani.

Siku yenyewe mvua ilianza kunyesha tangu alfajiri na haikupumua. Banda la jiko uani lilivuja, kuni zikalowa. Mama Mkubwa akawasha jiko la mkaa ukumbini, makaa yaliposhika akaliingiza chumbani kwa mama, na chungu akakichemshia humo humo. Dirisha aliliacha wazi nusu apate mwanga. Baba alirudi kutoka shambani kutazama mpunga wake, amelowa chapachapa, anatetemeka. Alichungulia mlangoni, akaona dirisha.

"Mnataka baridi imwingie mzazi?" alisema. Akaingia, akalifunga lile dirisha, akagonga komeo kwa kiganja mpaka likakaa. Kisha akabadilisha nguo, akachukua mwavuli, akaenda msikitini.

Tulifukizwa kama kawaida. Tulipomaliza, mama alisema anataka kulala na jasho lake. Mama Mkubwa akatoa chungu, akaliacha jiko pale karibu na kitanda tuliote, na juu ya makaa akanyunyiza ubani kidogo. Halafu akamchukua mtoto.

"Harufu hii kali kwa kifua chake," alimwambia mama. "Nakaa naye ukumbini, nikukorogee na uji."

"Mchukue," mama alisema. Mama Mkubwa aliondoka na Shabani begani, akavuta mlango nyuma yake. Mlango nao ulikuwa wa baba, unakaa kwenye fremu kama kifuniko cha sufuria.

Nililala mgongoni kwa mama. Mvua ilipiga bati kwa sauti moja, nzito. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, hayatoi moshi hata kidogo. Nakumbuka nilifurahi. Nakumbuka pia kichwa kikaanza kunigonga, pole pole, kama mtu anayetwanga nyumbani kwa jirani. Nikamwambia mama kichwa kinauma. Akasema, "Lala, mwanangu," lakini maneno yalimtoka kama anayatafuta mbali. Kuku alikuwa na kawaida ya kunong'ona na mayai yake, ko-ko-ko. Nilisikia amenyamaza. Nikataka kushuka kumtazama. Niliweka miguu chini, na miguu haikuwepo. Nilianguka kifudifudi juu ya saruji, nikaiona saruji karibu kabisa na jicho langu, na sikujali. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikikumbuka, kwamba sikujali hata kidogo.

Kilichofuata niliambiwa. Baba alirudi kutoka sala ya alasiri, akaita, mama hakuitika. Alifungua mlango akatukuta, mama kitandani mdomo wazi, mimi sakafuni nimejitapikia. Alitukokota mpaka nje, akatulaza katika tope la uani, mvua ikatunyeshea usoni. Majirani wakaja mbio. Ukumbini, mita chache kutoka pale, Mama Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mkeka, mtoto mzima amelala mapajani mwake, mwiko wa uji mkononi.

Baadaye watu wengi walinisimulia maneno ya baba, maana yalisemwa mbele za watu wengi. Alisema, "Umemtoa mtoto wa kiume, hao ukawaacha wafe. Ulitia nini katika majani yako?"

Wanasema alimtazama mama pale chini, akaanza kutetemeka, ikabidi jirani ampokee mtoto asije kumwangusha.

Nilizindukia juu ya magunia. Lori lililobeba mkaa wa kupeleka mjini lilikuwa limesimamishwa barabarani, tukapakiwa juu ya shehena yake, mimi, mama na baba, maturubai yamefunuliwa, upepo na mvua vinatupiga. Nilifumbua macho nikaona mawingu yanakimbia. Nikatapika tena. Baba alinishika paji la uso kwa mkono uliojaa masizi, akawa anasoma, na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

Mama alikaa hospitalini siku kadhaa. Mimi nilipona haraka, kama watoto wanavyopona, nikawa natembeatembea kati ya vitanda. Nina kipande kimoja cha kumbukumbu ya pale. Daktari aliyevaa miwani amesimama na baba karibu na dirisha la wodi, anamuuliza, "Jiko lilikuwa ndani?" Baba anaitika. "Na dirisha?" Baba hajibu. Daktari anazungumza kwa muda, kwa upole, mkono wake begani mwa baba. Baba anatazama viatu vyake. Sikuelewa neno. Nilichojali ni miwani ya daktari, kwa kuwa upande mmoja ilifungwa kwa plasta.

Tuliporudi nyumbani Mama Mkubwa hakuwepo. Aliondoka siku ile ile, kwa miguu mpaka barabarani, mvua ikinyesha, na kapu lake. Majani aliyaacha juu ya ukuta wa baraza, yakakaukia pale, hakuna aliyetaka kuyagusa, mpaka mbuzi wa jirani akayala. Watu wakamtazama yule mbuzi wiki nzima wakingoja afe. Hakufa, na hilo pia lilihesabiwa kuwa ushahidi wa ubaya wa majani.

Kuku ndiye aliyekufa. Walimkuta tengani, amekaa vile vile juu ya mayai yake, kichwa kimelala ubavuni. Wazee wa kike walisema amekuwa fidia yetu: lililotumwa kwetu limemshukia yeye. Baba alitoa sadaka. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote, na kwa muda mrefu, kila nilipomaliza kuwaombea babu na bibi, niliongeza na kuku.

Nilikua katika nyumba ile. Jina la Mama Mkubwa halikutajwa humo. Mama siku ile yote ilimfutika, alikumbuka mvua tu. Yaliyobaki aliyajua kwa kuambiwa na mumewe, naye alimwamini. Mara moja ilikuja salamu kutoka Mohoro, na kanga ya mtoto. Mama aliishika kanga ile, akainusa, akamtazama baba. Baba akatoka nje. Mama akaifunga katika mfuko na kumrudishia aliyeileta. Usiku wala mchana sikumsikia akilia, lakini tangu hapo aliacha kuimba akitwanga, na mimi nilidhani ni utu uzima.

Miaka ikaenda. Nikaolewa Kibiti mjini, nikapata mtoto wangu wa kwanza, binti. Siku moja niko kliniki, nimeketi kwenye benchi na wazazi wenzangu, watoto wanalia zamu kwa zamu. Kulikuwa na muuguzi mnene, mcheshi, aliyekuwa akitupa nasaha kabla ya kupima uzito. Alisema habari ya chanjo, akasema habari ya kunyonyesha. Halafu akasema, kama mtu anayeongeza chumvi, "Na haya mambo ya kuota moto na kujifukiza. Majani yenu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu na jiko la mkaa. Msiliingize ndani mkafunga dirisha. Makaa yakiwa mekundu hayatoi moshi, mnadhani salama. Yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kitauma, miguu italegea, utasinzia, na huamki."

Sauti za pale kliniki zilienda mbali. Nilimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

"Na kuku?" nilisema.

Wenzangu waligeuka. Muuguzi akauliza, "Kuku gani, mama?"

"Kama mna kuku ndani. Humpata nini?"

Benchi zima lilicheka. Muuguzi hakucheka. Alinitazama vizuri, kisha akasema, "Ndege ana pumzi ndogo. Yeye hutangulia."

Sikungoja kupima uzito. Nilitoka na mtoto mgongoni, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwetu. Njia nzima nilikuwa kama mtu aliyegundua kwamba ngazi aliyoipanda maisha yote haina miguu. Hakukuwa na uchawi, wala jini, wala fidia. Kulikuwa na makaa na dirisha lililofungwa. Nilikuwa nampelekea baba habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Nilimwonea huruma njia nzima, nikipanga maneno, jinsi ya kumwambia mzee kwamba alimfukuza mtu bure bila kujua.

Nilimkuta barazani anachonga mpini wa jembe. Mama alikuwa ndani ya mlango, ungo mapajani, anachagua mchele. Nilipiga magoti nikamsalimu, shikamoo baba, marahaba mwanangu, kisha nikamwambia yote, harakaharaka, kama mtoto. Yeye aliendelea kuchonga. Nilipomaliza, alipuliza vumbi la mti kwenye mpini.

"Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia. "Unajua nini, baba?"

"Hayo ya makaa. Daktari alinambia pale pale hospitali. Kesho yake."

Nikaiona ile miwani yenye plasta, na ule mkono begani mwake.

"Nilikuwa nimekwisha sema mbele za watu," baba akaendelea, bila kunitazama. "Na dirisha nililifunga mimi. Ningeanzia wapi? Nikasema ngoja masika yaishe, nitamwendea. Masika yakaisha. Nikasema ngoja mavuno. Halafu jambo likikaa sana, mwanangu, linakuwa kama ukuta. Unalizoea, unatundika nguo."

Ndani ya mlango, mchele ulikuwa umeacha kusikika. Sote wawili tulikuwa tumemsahau mama. Alitoka polepole na ungo mikononi, akauweka juu ya baraza, akaulinganisha usimwagike. Uso wake ulikuwa mtulivu kwa namna iliyonitisha.

"Dada yangu," alisema. "Kanga ya mtoto niliirudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Na weye ukatoka nje."

Baba aliweka mpini chini.

"Kesho tunakwenda Mohoro," alisema mama. "Na wewe unakuja. Uliyoyasema mbele za watu, utayafuta mbele za watu."

Tulikwenda. Baba alivaa kanzu yake ya Idi, na garini hakuna aliyezungumza isipokuwa mwanangu, aliyekuwa akilia kwa joto.

Mama Mkubwa alikuwa uani kwake anaanika mpunga juu ya turubai, majirani wake wawili wakimsaidia kuugeuza. Alikuwa amezeeka, mgongo umeanza kupinda, lakini nilimjua kwa jinsi alivyosimama. Aliponyanyua macho akamwona mama, alibaki na ufagio mkononi. Hawakukimbiliana kama nilivyodhani. Walitazamana tu, muda mrefu, kila mmoja akitafuta katika uso wa mwenziwe yule wa zamani.

"Karibuni," alisema hatimaye. Ile sauti ya chini. Akatandika mkeka.

Baba hakuketi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema mbele ya wale majirani: "Shemeji, siku ile ulikuwa huna kosa. Ilikuwa hewa ya makaa, na dirisha nililifunga mimi. Daktari alinambia kesho yake. Nikanyamaza. Leo nimekuja kulisema."

Majirani waliacha kugeuza mpunga. Mama Mkubwa alikaa chini pale pale. Alimtazama baba kama mtu anayesikiliza lugha aliyowahi kuijua zamani.

"Makaa?" aliuliza.

"Makaa."

"Makaa tu?"

"Ndiyo, shemeji."

Kisha akaanza kuzungumza, wala si na baba, alizungumza na mama, na alichosema ndicho kilichonipiga kuliko yote niliyoyasikia tangu kliniki. Alisema aliamini. Miaka yote ile aliamini kwamba mkono wake una kitu, kitu asichokijua yeye mwenyewe, kilichotaka kumuua mdogo wake. Mabinti zake walipojifungua hakuwakanda. Hakuwafukiza. Wajukuu zake hakumshika hata mmoja kabla ya arobaini. Aliwasalimu kutoka mlangoni, mikono nyuma. Wakamwita bibi mwenye maringo. Aliacha kupanda hata mchaichai.

"Nikijiuliza kila siku," alisema, "nilimpa nini mdogo wangu."

Mama alikuwa amesogea, magoti yao yanagusana. "Ulimtoa Shabani," alisema. "Angekuwa mule ndani, asingepona. Ni mkubwa sasa, anavaa viatu vya baba yake."

Hapo ndipo walipolia, wote wawili, bila sauti, wameshikana viganja. Baba alikuwa bado amesimama na kofia yake. Baada ya kitambo Mama Mkubwa alifuta uso kwa ncha ya kanga akamwambia, "Nimekusikia. Kusamehe, nipe muda. Kaa, unywe maji."

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama, akamtazama mwanangu, ambaye hata arobaini alikuwa bado. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaikausha. Aliporudi aliinyoosha mbele yangu. Nikamweka binti yangu juu yake. Mtoto alimkodolea macho, akajinyoosha, akamkojolea mpaka magotini. Mama Mkubwa akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake nacho kilikuwa cha chini, lazima umsogelee ukisikie.

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mama Mkubwa alikuja kwetu Idi zote, akala nasi, akammiminia baba chai kwa mkono wake. Lakini mpaka tunamzika baba, sikumsikia Mama Mkubwa akimwita shemeji. Alimwita kwa jina lake, kwa adabu, kama anavyoitwa mtu wa mtaa wa pili. Nadhani ule muda aliouomba haukumtosha, na sikumlaumu.

Zamani, nilipokuwa natembeatembea kati ya vitanda vya wodi, niliamini kwamba yaliyotupata yalitoka kwa kitu kisichojulikana, na kwamba watu wazima wamenyamaza kwa kuwa nao hawajui. Nilikuwa na miaka saba, na dunia niliiona imejaa siri ambazo Mungu peke yake ndiye azijuaye. Ilinichukua miaka mingi, na mtoto wangu mwenyewe mgongoni, kujua kwamba hewa ile ilikaa chumbani kwetu mchana mmoja tu, na upepo wa barabarani ukaimaliza. Kilichomkalisha Mama Mkubwa mlangoni kwa wajukuu zake, mikono nyuma, kilikuwa ni jambo ambalo mmoja wetu alilijua tangu kesho yake, akalala nalo, akaamka nalo, akatupenda nalo, na asilitamke.